Nimepewa kidani cha Kitibeti: je, nikivae harusini?

*Swali: Assalamu aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Mombasa. Dada yangu anakaa Toronto, mtaa wa Parkdale, na kwa muda mrefu amekuwa akimsindikiza jirani yake, bibi wa Kitibeti, hospitali na sokoni. Bibi huyo alipohamia kwa bintiye alimwachia dada kidani, na dada akanipa mimi nikivae kwenye harusi yangu mwezi wa Desemba. Kina kijisanduku cha fedha cha pembe nne chenye vijiwe vya buluu usoni, kimetungwa pamoja na marijani nyekundu na ushanga mmoja mweusi wenye miduara myeupe. Ndani ya kijisanduku kuna kitu kinachakacha. Shangazi yangu anasema ni hirizi ya masanamu, nisikiweke hata nyumbani. Vijiwe viwili vimegeuka kijani, na nimesoma kwamba feruzi ikibadilika rangi aliyeivaa ana ugonjwa. Sonara amesema atakisafisha kwa dawa, atoe marijani zilizopauka na kuweka mpya. Mtu mwingine ameona picha mtandaoni, anataka kununua ule ushanga mweusi peke yake kwa pesa nyingi. Nimechanganyikiwa. Hiki ni kitu gani hasa, na nikifanye nini?*

Waaleikumu salamu, dada, na hongera kwa harusi inayokuja. Naona umezungukwa na watu wengi, kila mmoja akikitazama kidani chako kwa jicho lake: shangazi anaona ibada, mtandao unaona ugonjwa, sonara anaona kazi, mnunuzi anaona pesa. Anayekosekana kwenye mazungumzo yote hayo ni mwanamke aliyekivaa. Naomba nianze na yeye, kwa sababu ukielewa kidani hiki kilikuwa nini maishani mwake, mengine utayaamua mwenyewe bila tabu kubwa.

Watu wengi wakisikia Tibet hufikiria watawa na mahekalu, basi hudhani kila kilichotoka huko ni kifaa cha hekaluni. Watawa wa Kibuddha, wanaume kwa wanawake, hawavai vito. Wameviacha pamoja na nywele zao. Kidani kama chako ni cha mwanamke wa nyumbani, wa shambani, wa dukani au wa mifugoni, tena ni mali yake yeye. Kwa kawaida alirithi kwa mama, au alipewa wakati wa ndoa, au aliongeza jiwe mojamoja kadiri pesa zilivyopatikana. Kwenye zile nyanda za juu, mita 4,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, familia za wafugaji huhama na mahema yaliyofumwa kwa manyoya ya yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, na mali unayoweza kuibeba mwilini ina faida kuliko ya kufungia kabatini. Mwaka wa shida marijani moja iliweza kutolewa kwenye uzi ikauzwa. Mwaka wa neema ikanunuliwa nyingine. Ndiyo sababu vidani vya kale vya Kitibeti aghalabu havina shanga zinazolingana: moja kubwa, moja ndogo, moja nyekundu sana, nyingine kama waridi. Kule kutolingana ambako sonara wako anataka kukurekebisha ndiko kumbukumbu ya uhai wa kidani chenyewe.

Mapenzi ya Watibeti kwa mawe haya ni ya kale mno. Katika dola ya Tibet ya karne ya 7 hadi ya 9, vyeo vya maofisa vilionyeshwa kwa beji za madini na mawe, na feruzi ilikaa juu ya dhahabu. Hebu fikiria taifa linaloweka jiwe la buluu mbele ya dhahabu! Mpangilio huo wa thamani haujatoweka. Hadi leo mwanamke wa Kitibeti anaweza kuwa na kijisanduku cha fedha ya kawaida kabisa huku mawe yaliyo juu yake yakiwa na bei kuliko kijisanduku chenyewe.

Na mengi ya mawe hayo hayakuzaliwa Tibet. Kuna feruzi kiasi inayochimbwa huko, lakini iliyosifiwa ilitoka Nishapur, Uajemi, na baadaye nyingi ikaingia kutoka China. Kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, ililetwa kutoka pwani ya Baltiki na kutoka Burma. Lulu zilifika kupitia masoko ya India, na soko la Bombay lilijaa lulu za Ghuba, zile zile ambazo wapiga mbizi wa Bahrain na Kuwait walizipandisha kwa pumzi zao. Marijani yenyewe ni kisa cha peke yake. Hii nyekundu iliyo shingoni mwako huota chini ya bahari ya Mediterania. Kwa karne nyingi ilivuliwa Italia na Afrika Kaskazini, ikachongwa na kutobolewa katika miji kama Torre del Greco karibu na Napoli, na katika karne ya 17 na ya 18 wafanyabiashara wa Livorno waliipeleka India kubadilishana na almasi. Kutoka India ilipanda milima kwa migongo ya wanyama na ya watu. Marco Polo, msafiri wa Venezia wa karne ya 13, tayari aliandika kwamba Tibet marijani ina bei kubwa kwa sababu watu huwavika wake zao na masanamu yao. Nchi iliyo mbali na bahari kuliko karibu zote ndiyo iliyoipenda zaidi zao la bahari. Hata bangili nyeupe ambazo wanawake wengi wa Lhasa na Ladakh walivaa mkono wa kulia tangu utotoni zilikatwa kwenye magamba ya kombe wakubwa wa bahari ya India kusini.

Kwa maelezo yako tu siwezi kukuambia kijiji, lakini nikueleze jinsi pambo lilivyokuwa likimtaja mwanamke kabla hajafungua mdomo. Lhasa, mji mkuu, mke wa hadhi alivaa patruk, fremu ya pembe tatu iliyozungushiwa kitambaa chekundu na kushonewa marijani na feruzi, ikisimama juu ya kichwa kwa ncha mbili. Wake wa makabaila walikuwa nayo ya lulu. Masikioni walivaa mapambo makubwa ya dhahabu na feruzi, mazito kiasi kwamba hayakuning'inia kwenye ndewe bali yalifungwa kwenye nywele au kwenye patruk yenyewe. Shingoni gau ya Lhasa, yaani kijisanduku kama chako, ilikuwa na umbo la nyota, kana kwamba miraba miwili imelaliana, usoni imejaa feruzi zilizokatwa kwa ustadi. Ukienda magharibi hadi Tsang, eneo la Shigatse, pembe zile zinapotea na badala yake kunakuwa na tao kubwa juu ya kichwa, limejaa mawe. Ukienda mashariki hadi Kham, mwanamke anaweka bonge la kaharabu utosini, na juu ya kaharabu marijani moja. Amdo, kaskazini mashariki, nywele husukwa vijisuko vingi vyembamba, na vijisuko hivyo hushikana na ukanda mrefu unaoshuka mgongoni ukiwa na vikombe vya fedha mpaka karibu na visigino.

Ladakh, ambako utamaduni ni wa Kitibeti ingawa leo ni sehemu ya India, kuna perak. Ni ukanda mpana wa ngozi na kitambaa chekundu unaoanzia kwenye paji la uso ukapita kichwani hadi mgongoni, umeshonewa feruzi safu kwa safu, na pembeni una masikio mawili ya ngozi nyeusi ya mwanakondoo. Wingi wa safu ulionyesha daraja la familia. Perak hutoka kwa mama kwenda kwa binti mkubwa, na si ajabu moja kuwa na feruzi za vizazi kadhaa, kila kizazi kikishona zake chini ya za waliotangulia.

Sikutaja vifaa vya mkandani, na ni vibaya kuviruka kwa sababu huwa navipenda kuliko mataji yote. Mwanamke mfugaji alikuwa na kulabu ya fedha kiunoni, imechongwa maua na mara nyingine ina marijani katikati. Asili yake ni kulabu ya kushikilia ndoo wakati wa kukamua yaki. Pembeni yake alining'iniza kibweta cha sindano na kifuko cha jiwe la kuwashia moto. Vyombo vya kazi vilipambwa mpaka vikawa vito, na vito vikaendelea kufanya kazi. Nikiona kulabu iliyochakaa kwenye kona ya ndani, pale mpini wa ndoo ulipokuwa ukikaa, najua mwenyewe alikamua kweli.

Kwa kuwa wewe ni bibi harusi, hili litakugusa. Katika ndoa za Tibet ya kati, wajumbe wa upande wa bwana harusi walifika kumchukua bibi harusi wakiwa na mshale uliofungwa vitambaa vya rangi tano, kioo kidogo na feruzi. Mshale huo ulichomekwa kwenye kola ya nguo yake, nyuma ya shingo, na tangu hapo akahesabiwa kuwa wa nyumba ile nyingine. Kwa hiyo, kuvaa kitu cha feruzi siku ya ndoa si kukitumia kinyume na asili yake. Kinyume chake ni msiba. Alipokufa Dalai Lama wa 13, kiongozi mkuu wa Tibet, mwaka 1933, wanawake wa Lhasa waliacha kujipamba kwa maombolezo. Vito kwao ni vya furaha, vya mwaka mpya, vya mbio za farasi na vya ndoa.

Sasa nije kwa shangazi yako, ambaye hajakosea kabisa. Gau ni kijisanduku cha kinga. Ukikigeuza utaona mgongo wake ni bamba tupu, mara nyingi la shaba, linalochomoka. Ndani huwekwa karatasi zenye dua zilizochapwa kwa vibao vya mbao, zikakunjwa na kufungwa kwa nyuzi za rangi, au kipande cha nguo ya mwalimu wa dini, nafaka zilizobarikiwa, vidonge vya mitishamba, pengine kisanamu kidogo cha udongo. Hicho ndicho kinachochakacha. Mwanamume msafiri alibeba gau kubwa yenye dirisha la mbele. Ya mwanamke ni ndogo, inafungwa kabisa, na inakaa shingoni kama pambo. Wewe uliyekulia pwani umeziona hirizi za fedha za Oman na za kina bibi zetu, zile zenye ala ya kuwekea maandishi, zilizopambwa vizuri mpaka zikawa vidani. Fikra ni hiyo hiyo: maneno yenye heshima ndani, uzuri nje. Kilicho ndani si sanamu la kuabudiwa, na Mtibeti hakisujudii kidani chake.

Lakini ni kitu cha dini ya mtu mwingine, na ni haki yako kutotaka kubeba dua za dini nyingine shingoni siku ya nikahi. Hukumu hiyo si yangu. Muulize shehe unayemwamini, mweleze hasa kilivyo, usimwambie tu kwamba ni hirizi. Ninachoweza kukuambia kama mtu wa vitu hivi ni kwamba njia ya tatu ipo. Karatasi na kijisanduku ni vitu viwili. Watibeti wenyewe huzitoa zile dua na kuweka nyingine, na vijisanduku vingi huuzwa au kurithiwa vikiwa vitupu. Dada yako anaweza kumuuliza bibi au binti yake kama wangependa zirudishwe. Bibi akiridhia, mtu mwenye mikono mikavu achomoe bamba taratibu juu ya kitambaa safi, asikunjue chochote, avifunge vile vile vilivyo na kuvirudisha Toronto. Msizitupe jaani wala kuziweka chini. Maandishi ya dua kwao hukaa mahali pa juu. Ubaki na fedha, feruzi na marijani, ambazo hazina dini.

Kuhusu feruzi iliyogeuka kijani, tulia. Imani uliyoisoma ipo kweli na ni ya zamani: kuna feruzi ambayo Watibeti huiita jiwe la roho ya mtu, na ikififia au kupotea huonekana dalili mbaya kwa mwenyewe. Tabibu wa Kitibeti pia hutumia feruzi iliyosagwa na kusafishwa kwenye dawa za kuondoa sumu, pamoja na marijani, lulu na dhahabu. Mimi naiheshimu imani hiyo kwa sababu iliwafanya watu walitazame jiwe lao kila siku. Sababu ya mabadiliko, hata hivyo, iko ndani ya jiwe. Feruzi ni fosfati ya shaba na alumini yenye maji ndani yake, na nyingi ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo hunyonya. Mafuta ya ngozi, jasho, siagi, sabuni, manukato, vyote huingia taratibu, na buluu inaelekea kijani. Wanawake wa Tibet walijipaka siagi nyuso na nywele kujikinga na upepo na baridi kali, kwa hiyo feruzi ya kale isiyokuwa na ukijani hata kidogo ndiyo inayonitia mashaka. Kwa vile vijiwe viwili tu vimegeuka, nadhani ndivyo vilivyokuwa laini kuliko vingine au ndivyo vilivyogusa ngozi zaidi. Wala havikupimi wewe. Walioanza kuvibadilisha walikuwa wanawake wa kabla yako. Kama una wasiwasi wa afya, nenda ukapimwe damu hospitali.

Sonara wako ni fundi, simdharau, lakini mwambie hapana. Dawa anayoitumia kung'arishia fedha mara nyingi ni asidi, na marijani ni kalisi kabonati, kitu kile kile cha gamba la konokono: hata ndimu huila. Moto wa kuunganishia fedha hupausha feruzi na kuipasua. Zaidi ya hayo, kwenye gau nyingi mawe hayakushikwa na fedha peke yake. Chini yake kuna nta au utomvu uliojazwa kuyainua, ukiyeyuka jiwe linazama au linadondoka. Mashine ya kusafishia kwa mtikisiko, ile inayovuma ndani ya maji, ndiyo mbaya kuliko zote. Na ile rangi nyeusi iliyojaa kwenye mifereji ya nakshi, ambayo yeye anaiita uchafu, ndiyo inayoifanya nakshi isomeke. Fundi aliyeichora, pengine Mnewari wa bonde la Kathmandu, maana mafundi wengi wa fedha wa Lhasa walitoka huko, au mtu wa Derge kule Kham palipovuma kwa kazi ya madini, alitegemea kivuli hicho. Ukikiosha hadi kimetameta chote, umefuta nusu ya kazi yake.

Marijani zilizopauka ziache. Kupauka ni jasho na miaka. Zile mpya ambazo atakuuzia huenda zikawa unga wa marijani uliogandishwa kwa gundi, au mwanzi wa baharini, aina nyingine ya marijani, uliotiwa rangi, au plastiki. Soko limejaa vitu hivyo. Mtazame pia anayekuja na maneno "fedha ya Kitibeti". Kwenye maduka ya mitandaoni jina hilo hupewa mchanganyiko wa madini ambao mara nyingi hauna fedha hata chembe, na ulio na nikeli huwasha ngozi za watu wengi. Fedha ya kweli ya vidani vya zamani mara nyingi ilikuwa sarafu zilizoyeyushwa, rupia za India ya Waingereza na zile rupia zilizopigwa Sichuan mwanzoni mwa karne ya 20 zikiwa na picha ya mfalme wa China.

Ushanga mweusi wenye macho meupe unaitwa dzi. Ni akiki, jiwe gumu kuliko chuma cha kisu, na ile michoro si ya asili: mafundi wa kale waliipaka akiki dawa ya magadi na kuichoma mpaka mistari ikawa myeupe ndani ya jiwe lenyewe, na kwa mbinu nyingine wakaitia weusi. Ufundi wa kuchora akiki kwa magadi ulijulikana kwenye miji ya bonde la Indus zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Watibeti hawakumjua aliyezitengeneza. Wakulima na wachungaji walizikuta ardhini, na wakasimulia kwamba zilikuwa wadudu walio hai waliogeuka jiwe mtu alipowagusa, au mapambo ya miungu yaliyotupwa yakishapata kasoro. Dzi hukinga, na ikivunjika husemwa kwamba imepokea pigo badala ya mwenyewe. Ukiona vishimo vidogo juu yake usisikitike. Watu walikuwa wakikwangua chembe kwa ajili ya dawa.

Kwa upande wa bei, anayekuambia dzi ya kale ina thamani kubwa hadanganyi. Wanunuzi wa China na Taiwani wamezipandisha sana. Na kwa sababu hiyo hiyo zimetengenezwa za kuigiza kwa wingi usiohesabika, nyingine za plastiki na kioo, nyingine za akiki halisi iliyochorwa majuzi, na hizi za mwisho zinawasumbua hata wazoefu. Picha ya simu haitoshi. Inatazamwa midomo ya tundu, kama imelainika kwa uzi wa miaka mingi au bado ina ncha za mashine, na inatazamwa ngozi ya jiwe chini ya hadubini. Mtu anayetoa ofa kabla hajaishika mkononi ama anakisia, ama anajua kitu ambacho angependa wewe usikijue. Usimuuzie. Na hata ikiwa ni mpya, haikuharibii kidani. Bibi aliitunga pale kwa sababu zake.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza waziwazi, ila nalisikia nyuma ya maneno yako: je, ni halali kuwa nacho? Swali hilo ni zito kwa kila pambo la Kitibeti. Baada ya uasi wa Machi 1959 dhidi ya utawala wa China, Dalai Lama alipokimbilia India na maelfu kumfuata kupitia mapito ya theluji, wanawake wengi walibeba vito walivyoweza kuvificha chini ya nguo. Vingi viliuzwa Kalimpong, Darjeeling na Kathmandu kununua mchele na dawa. Waliobaki nyuma waliona vyao vikichukuliwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China, 1966 hadi 1976, au walivifukia ardhini. Kwa hiyo vilivyoko makabatini Ulaya na Marekani vina historia mchanganyiko: vingine vilinunuliwa kihalali, vingine kwa bei ya njaa, vingine havina maelezo. Chako hakimo humo. Kimetoka mkononi mwa mwenyewe kwenda mkononi mwa mtu aliyemsaidia. Kanada ilipokea kundi lake la kwanza la wakimbizi wa Kitibeti mwaka 1971, na Parkdale sasa ina Watibeti wengi. Bibi huyo anajua alichokitoa.

Hata hivyo, nakusihi dada yako apige simu kwa binti wa bibi kabla ya Desemba. Vidani hivi kwa desturi huenda kwa mabinti, na inawezekana binti hajui kwamba kimetoka, au anajua na amefurahi. Mkisikia kimya kizito upande wa pili, kirudisheni kwa moyo mweupe. Wakiridhia, muulizeni bibi kilikuwa cha nani, kilivaliwa wapi, marijani ipi iliongezwa lini, na dada arekodi majibu kwa simu. Makumbusho makubwa, ya Newark kule New Jersey ambayo yamekusanya vitu vya Tibet tangu 1911, au Pitt Rivers ya Oxford yenye picha za wanawake wa Lhasa za 1936 na 1937, yana vidani vizuri kuliko chako, lakini mara nyingi majina ya waliovivaa hayamo kwenye kadi. Wewe bado unaweza kulipata.

Ukiamua kukivaa, kwanza paka manukato na mafuta, yakauke, ndipo kidani kije mwisho. Kivae juu ya nguo, si juu ya ngozi tupu, na mpiga hina amalize kazi yake siku ya kabla. Baada ya sherehe kipanguse kwa kitambaa kikavu cha pamba. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu, na fedha huwa nyeusi haraka, kwa hivyo kihifadhi kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, marijani zisisuguane na fedha. Usikiweke kwenye mfuko wa plastiki ukakisahau juani.

Kuna mambo matatu ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kwa dzi, kama unataka kujua ukweli kwa ajili ya bima au urithi, mtafute mtaalamu wa vito mwenye hadubini asiyenunua wala kuuza, umlipe ada yake na ubaki pale pale anapokikagua. Ukiona unga wa kijani au mweupe ukitoka kwenye shaba ya mgongoni, kipeleke Fort Jesus, makumbusho yana maabara ya hifadhi na watakuonyesha la kufanya kwa fedha na shaba za pwani. Na kabla ya yote, kagua uzi. Vuta kidogo kila upande wa kijisanduku, pale uzi unapopita kwenye vile vibomba viwili vya fedha: ukilegea au ukiwa na nyuzinyuzi zilizokatika, piga picha mpangilio wa shanga zote kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha mtungaji shanga akutungie upya kwa uzi wa hariri na fundo baina ya kila marijani, mpangilio ule ule. Hilo lifanyike sasa, usingoje wiki ya harusi.